Je, kutu ya mahindi huambukiza maharagwe?

Kuanzia Nakuru hadi Bungoma, mahindi na maharagwe hupandwa shamba moja. Majani ya mahindi yakitokwa na vipele vya hudhurungi, na siku chache baadaye ya maharagwe nayo yakawa hivyo hivyo, wengi huona kesi imekwisha: mahindi ndiyo yameambukiza. Pangusa jani lolote kati ya hayo, kidole kitabaki na unga uleule wa hudhurungi.

Lakini hizo ni kuvu mbili tofauti, ingawa ugonjwa wa kila moja huitwa kutu. Ya mahindi ni Puccinia sorghi. Ya maharagwe ni Uromyces appendiculatus. Unga wa moja hauambukizi mmea wa nyingine, hata mimea ikigusana majani. Huzuka pamoja kwa kuwa zote hupenda ubaridi wa wastani na majani yaliyolowa umande. Kutu zinazojulikana ni zaidi ya spishi 7,000, na nyingi zina mimea michache tu zinayoiweza. Ngano peke yake ina tatu: ya shina, ya majani na ya manjano. Zipo zinazotumia mimea miwili isiyo na undugu. Kutu ya mahindi huweza pia kuishi kwenye Oxalis, lile gugu lenye majani machachu. Maharagwe hayamo.

Siri iko katika namna ya kuingia. Kila chembe ya unga huo ni spora, yaani kama mbegu ya kuvu. Ikipata maji huchomoza mrija unaotambaa juu ya jani, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Mrija wa kutu ya maharagwe ukigusa mdomo wa kitundu cha kupumulia cha jani, mwinuko wa takriban nusu ya elfu moja ya milimita, husimama, huvimba na kupenya. Watafiti waliwahi kuipa kuvu hii plastiki yenye matuta ya kimo hicho, nayo ikajiandaa kuingia pasipokuwa na jani. Matuta yalipokuwa mafupi mno au marefu mno, ilipita tu.

Ndani, kuvu hunyonya seli iliyo hai. Mmea ukiutambua uvamizi huo, huiua seli hiyo, na kuvu hufa njaa.

Kinga hiyo huweza kuvunjwa. Ug99, kutu ya shina iliyoonekana Uganda mwaka 1998, iliishinda Sr31, jeni ya kinga iliyotegemewa na ngano nyingi duniani. Ndiyo maana ngano za nchi nyingi hupandwa Njoro, Kenya, ili zishambuliwe makusudi na ionekane ipi itastahimili.

Kwa hiyo kung'oa mahindi hakuyaokoi maharagwe. Kutu yao hutoka kwenye mabaki ya maharagwe ya msimu uliopita, au hupeperushwa na upepo kutoka maharagwe ya jirani.