Kupumzika Jinja hakupunguzi hija ya Namugongo

Kila Mei, mahujaji wanaotembea kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda Namugongo, karibu na Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda wanapoanza kupita, kazi yangu ni kuwatibu miguu, na kila mwaka naambiwa neno lile lile: "Sista, usinicheleweshe, anayepumzika njiani anapunguza baraka." Anayesema hivyo mara nyingi ndiye ambaye soksi imegandia damu kisiginoni mpaka nailowesha kwa maji ndipo itoke.

Hoja yao ni kwamba mashahidi, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, hawakupumzika. Jamani! Mashahidi waliswagwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo, mwendo usiofika kilomita 40, kisha wakazuiliwa Namugongo kwa siku kadhaa kabla ya kuchomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Wewe una takriban kilomita 200 za lami na jua, na begi mgongoni. Hakuna sheria ya Kanisa inayokutaka uzimalize bila kulala.

Ngozi iliyolowa jasho na kusuguliwa kutwa hulainika, tabaka la juu likaachana na la chini, maji yakajaa katikati. Usipoipa nafasi ikauke, inachanika na vijidudu vinaingia. Hapo unaanza kuchechemea ukikwepa kidonda, na mzigo wote unahamia kwenye goti na nyonga. Wanaoishia kupandishwa gari wakilia huanza hivyo hivyo.

Kwa hiyo laleni Jinja siku mbili. Nasisitiza Jinja kwa sababu mkifika hapo zaidi ya nusu ya njia imeisha. Osha miguu, ikaushe mpaka katikati ya vidole, vaa ndala, kisha utembee taratibu uone maduka ya zamani ya Wahindi na mahali Nile inapotoka Ziwa Victoria. Na mkiwa bado Busoga, eneo ulimo mji wa Jinja, ulizeni habari za Askofu James Hannington, aliyetoka pwani ya Mombasa kwa miguu akauawa huko Busoga Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yule yule aliyeamuru mashahidi wauawe. Kisa mnachokiendea Namugongo kinapita katika miji hiyo mnayoikimbia. Baada ya msitu wa Mabira na Lugazi, simameni Namawojjolo mle gonja (ndizi za kuchoma) na kuku wa kuchoma. Nguvu ya kufika Mukono inatoka kwenye chakula.

Mengine nayajibu kwa haraka.

Eti ukinywa maji kidogo hutasumbuka kutafuta choo. Utasumbuka na kizunguzungu, na mkojo wa kahawia. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na ukitoka jasho jingi weka pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji.

Eti lengelenge lipasuliwe na kubanduliwa ngozi. Hapana! Ngozi ile ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Likiwa dogo, lifunike tu. Likiwa kubwa na linauma, mhudumu alitoboe pembeni kwa sindano safi, ngozi ibaki. Mwenye kisukari asiguse kabisa, aje kwetu.

Eti hija inahitaji viatu vipya. Vaa raba ulizozoea.

Eti Namugongo ni ya Wakatoliki peke yao. Mashahidi wanaokumbukwa ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, na Waanglikana wana madhabahu yao hapo hapo Namugongo. Ukiwa na siku ya ziada, nenda na Munyonyo, alikouawa shahidi Denis Ssebuggwawo tarehe 25 Mei 1886. Panda gari, miguu yako itakuwa imeshafanya kazi ya kutosha.