Teknolojia ya kidijitali katika elimu ya mtoto: maana yake hasa ni ipi?

Ukimtajia mzazi "elimu ya kidijitali", picha inayomjia haraka ni ya mtoto aliyeinamia kishikwambi, vidole vikikimbia kwenye kioo. Hiyo ni sehemu tu, tena ndogo. Teknolojia ya kidijitali katika elimu ya mtoto ni kila chombo na mfumo wa kielektroniki unaotumika kumfundisha, kumsaidia mwalimu wake, au kupima alichoelewa. Simu ya kitochi inayopokea maswali ya hesabu kwa SMS imo. Katuni ya kufundisha namba kwenye runinga imo. Maktaba iliyojazwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kufunguliwa kijijini bila bando imo. Hata fomu anayojaza ofisa elimu kwenye kishikwambi akiwa dawati la nyuma darasani imo, ingawa hakuna mtoto atakayeigusa.

Kutumia vyombo hivyo kwa ubunifu ni jambo la pili, na hapo ndipo wengi huchanganya. Kununua kompyuta arobaini ni manunuzi. Ubunifu huanza pale mtoto anapopata kitu ambacho darasa la kawaida lilishindwa kumpa: kusahihishwa papo hapo, kurudia somo bila kuona haya, kuanzia pale alipofikia yeye badala ya pale kitabu kilipofikia. Shule inaweza kuwa na chumba cha kompyuta chenye kufuli kubwa kuliko la ghala la mahindi, kinachofunguliwa mgeni wa wizara akija, na ubunifu usiwepo hata chembe.

Kwa wasomaji wa Kiswahili tuna mfano mzuri wa nyumbani kabisa. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha za Elon Musk, kwa watakaotengeneza programu ya kumwezesha mtoto asiye na shule kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Jaribio la mwisho lililetwa mkoani Tanga, kwa ushirikiano na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Timu tano zilizofika fainali zilileta programu zao kwa Kiswahili. Google walitoa vishikwambi, vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vikawekwa vijijini, na watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 wakaanza kujifunza.

Kabla ya kuanza walipimwa. Asilimia 74 walisema hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno lilikuwa limepungua kwa nusu, na katika hesabu pia walikuwa wamesonga mbele. Mei 2019 ushindi uligawanywa kwa timu mbili: onebillion, yenye watu wake Uingereza na Kenya, na Kitkit School, ya Korea Kusini na Marekani. Programu zote tano zilitolewa bure ili yeyote azichukue na kuzirekebisha.

Kilichofanya kazi pale ni nini? Si kioo wala rangi zake. Chukua somo la silabi. Darasani, watoto wakifika themanini, mwalimu hana njia ila kuwaitikisha: ananyooshea fimbo ubaoni, "ba", darasa zima linaitikia "baaa", "be", "beee". Mtoto wa dawati la mwisho asiyetofautisha b na d anaitikia na wenzake, pengine kwa sauti kubwa kuliko wote, na mwalimu hana namna ya kumgundua. Kwenye programu ya aina hii hana pa kujificha. Sauti inatamka "ba", mbele yake kuna "da", "ba" na "pa", na ni lazima aguse moja, peke yake. Akigusa "da" hapigwi wala hachekwi. Anaisikia aliyoigusa, kisha swali linarudiwa. Akikosea tena na tena, programu iliyotengenezwa vizuri inamrudisha kwenye herufi zenyewe, inamfanya azifuatishe kwa kidole, ndipo imlete tena kwenye silabi. Akipatia, anapanda: baba, bata, bati.

Hapo ndipo penye thamani yote. Kila mguso wa mtoto unajibiwa, na jibu ndilo linaloamua hatua inayofuata. Mwalimu mzuri mwenye watoto kumi hufanya hivyo hivyo bila betri. Mwenye themanini hawezi, hata awe mzuri namna gani.

Kiswahili chenyewe kilisaidia pia, jambo ambalo wageni wanaosimulia habari za Tanga hulipita haraka. Maandishi yetu hufuata matamshi. Mtoto akishazikamata silabi, anaweza kulisoma neno ambalo hajawahi kuliona, na programu haina haja ya kumkaririsha orodha ndefu za maneno yasiyofuata kanuni, kama inavyolazimu kwa Kiingereza. Programu ileile ikimwanzisha mtoto huyohuyo kwa Kiingereza ingekuwa na mlima mwingine wa kupanda.

Sifa zisizidi, lakini. Kupungua kwa nusu maana yake nusu nyingine walimaliza miezi 15 bila kusoma neno. Na wale waliofaulu hawakuachwa na mashine tu: kulikuwa na sola ya kuchajia, kulikuwa na akina mama wa kijiji waliosimamia vishikwambi, na kulikuwa na wazazi waliokubali mtoto aache mbuzi kwa saa moja. Anayeuza programu kwa maneno ya "mtoto atajifunza mwenyewe" huwa anawaacha watu hao nje ya hesabu.

Upande wa pili wa dhana hii hauna mvuto wa picha, lakini nadhani ndio wenye nguvu zaidi: teknolojia mikononi mwa mtu mzima. Kenya ilianza mpango wa Tusome kwa nchi nzima mwaka 2015, kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma Kiswahili na Kiingereza. Mtoto hakupewa kishikwambi. Alipewa kitabu chake mwenyewe, asigombanie kimoja na wenzake. Kishikwambi kilikwenda kwa ofisa anayezungukia shule kuwasaidia walimu. Anaingia darasani, anafuatilia somo, anawaita watoto wachache wamsomee kwa muda uliopimwa, anaingiza matokeo, kisha anakaa na mwalimu kuzungumza juu ya alichokiona. Taarifa zinapanda juu siku hiyohiyo, na ziara yake nayo inajulikana, kwa hiyo kujaza fomu ukiwa hotelini mjini kunakuwa kugumu kidogo. Tanzania nayo, baada ya sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vikagawiwa walimu wa shule za umma. Mwalimu aliyekuwa akiandaa somo kwa nakala chakavu ya kiongozi cha mwalimu akapata njia ya kufungua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Kama ana bando, na kama mtandao unashika.

Mifano ya kushindwa ipo, na inafundisha. Peru iligawa kompyuta mpakato ndogo zaidi ya laki nane kupitia mpango wa "kompyuta moja kwa kila mtoto". Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, katika shule 319 za vijijini, ulikuta kwamba matokeo ya hesabu na lugha hayakubadilika. Watoto walijua kutumia kompyuta, na vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri vikaonyesha nafuu kidogo, basi. Kenya pia ahadi ya mwaka 2013, laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, ilikwama kwenye zabuni na kesi, ikageuka kuwa vishikwambi vilivyoanza kusambazwa 2016, mwishowe zaidi ya milioni moja. Shule zilivipokea kwa furaha, kisha katika nyingi vikakaa kabatini: walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na mkuu wa shule aliogopa wizi, kwa kuwa ndiye angeulizwa. Faida moja ya mpango ule huwa haitajwi. Ili vifaa vifike, ilibidi maelfu ya shule za msingi ziunganishiwe umeme kwanza, na umeme huo umebaki.

Vyombo rahisi vimefika mbali kuliko vya bei. Zanzibar, kuanzia 2006, watoto wadogo walifundishwa kwa kipindi cha redio cha Tucheze Tujifunze. Redio inauliza, inanyamaza kwa sekunde chache, watoto wanajibu, wanaruka, wanahesabu vidole, na sauti inaendelea kana kwamba imewasikia. Redio ya namna hiyo si ya kidijitali kwa maana kali, lakini ni ubunifu halisi, na programu nyingi za simu hazifikii hata hapo. Dar es Salaam ndiko ilikozaliwa Ubongo, inayotengeneza katuni za kufundisha. Ubongo Kids ilianza kurushwa Januari 2014, na Akili and Me ikafuata kwa walio chini ya umri wa shule. Watafiti waliwalinganisha watoto wa chekechea wa Morogoro waliotazama Akili and Me na wenzao waliotazama katuni nyingine. Waliotazama ya kujifunzia walikuwa mbele katika kuhesabu na kutambua namba, ndani ya wiki chache tu. Kenya, Eneza Education walipeleka masomo na maswali kwa SMS. Mtoto anaazima simu ya mama jioni, anajibu A, B au C, na maelezo yanarudi.

Tofauti hiyo ya vyombo rahisi na vya bei ilionekana wazi mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona. Tanzania ilifungua zote mwishoni mwa Juni. Kenya wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Shule za ada kubwa zilihamia kwenye madarasa ya video. Waliobaki walitegemea redio na runinga, na wasio na hivyo hawakuwa na kitu. Kifaa huwa kinamfikia kwanza aliye karibu na umeme, na kwenye nyumba yenye simu moja, mara nyingi kaka ndiye huishika kabla ya dada.

Kwa mtoto mwenye ulemavu mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu hapo mara nyingi hakuna njia nyingine iliyo karibu. Kitabu cha karatasi hakiwezi kuonyesha ishara. Hadithi ya video kwa lugha ya alama ya Kenya, kama zinazotengenezwa na eKitabu wa Nairobi, inaweza: mtoto kiziwi anaona ishara, picha na neno lililoandikwa kwa wakati mmoja. Kwa asiyeona, kifaa kinachosoma maandishi kwa sauti humpa vitabu ambavyo kwa nukta nundu vingekuwa mizigo ya mabegi na gharama ya kutisha.

Kuna jambo wazazi wengi hawalifikirii kabisa: taarifa za mtoto. Mwaka 2022 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti zaidi ya 160 zilizopendekezwa na serikali mbalimbali wakati wa korona. Karibu asilimia 89 zilikusanya au ziliweza kukusanya taarifa za watoto kwa namna inayohatarisha haki zao, nyingine zikizipeleka kwa kampuni za matangazo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinamhusu mtoto anayesajiliwa kwenye programu ya hesabu kwa jina kamili, shule na picha.

Muda nao una mpaka. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyefikisha miaka miwili asitazame kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Nyumba nyingi zimeshauvunja ushauri huu kabla ya chai ya asubuhi, kwa kuwa kioo humnyamazisha mtoto wakati mama anakaanga maandazi. Inaeleweka. Ila kumnyamazisha na kumfundisha ni kazi mbili.

Kama unataka kujua programu uliyopakua inafanya kazi ipi kati ya hizo mbili, zima data na uifungue. Ikigoma, jiulize inahitaji intaneti kwa ajili ya somo au ya matangazo. Kisha jibu makosa kwa makusudi mara tatu mfululizo. Ikikupigia muziki na kukupa nyota hata hivyo, haijali umeelewa au hujaelewa. Ikisema umekosa na kuendelea na swali jipya, inakupima tu. Ikirudi nyuma, ikakuonyesha ulipoteleza na kukupa swali jepesi la aina ileile, mwachie mtoto, na ukae karibu umsikie anachosoma.