Madirisha na milango: tunayoambiana mtaani na yalivyo kweli

Masika mawili mfululizo hapa Ngaramtoni, Arusha, nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kudeki maji ya mvua yaliyoingia sebuleni kupitia madirishani, na nyumba yenyewe bado mpya. Mimi namlaumu fundi, jirani analaumu aluminiamu, shemeji yangu wa Moshi anasema ndo matokeo ya kuacha mbao. Wote tulikuwa tunapiga ramli. Haya hapa ni maneno ninayoyasikia kila siku kuhusu hizi kazi, na nilichokuja kuelewa baada ya kulipa ada ya ujinga.

"Dirisha likivuja ongeza silikoni"

Hii ndo ilinimaliza. Dirisha la kusukuma limetengenezwa hivyo, maji ya mvua lazima yaingie kwenye reli ya chini, ndo maana kwa nje chini ya fremu kuna vitundu vidogo vya kuyatolea, ukiinama utaviona, vipana kama ukucha wa kidole cha mwisho. Sasa fundi wangu nilipomwita akaja na silikoni yake akapiga kila mahali mpaka na vile vitundu akaziba, akaniambia boss usijali hapa hata tone halipiti. Kweli halikupita, maji yalijaa kwenye reli yakamwagikia ndani. Nikaita fundi mwingine, mzee mmoja mpole, hakufungua hata begi la vifaa, aliomba msumari akachokoa ile silikoni, akamwaga jagi la maji kwenye reli tukatoka nje kuangalia, yakawa yanatiririka ukutani kwa nje kama kawaida. Dakika kumi hazikuisha. Hela alikataa nikamnunulia chai na chapati.

Silikoni kazi yake ipo, ni kuziba kati ya fremu na ukuta. Na plasta ya chini ya dirisha kwa nje iwe na mteremko wa kutoa maji, ikiegemea ndani utadeki tu hata ununue katoni nzima. Vile vitundu navyo vinajaa vumbi kiangazi, vichokoe mwezi wa pili kabla mvua hazijaanza.

"Aluminiamu haiharibiki"

Haili kutu kama chuma, hapo nakubali. Lakini saruji mbichi na chokaa vinaila, ukiharakisha kufunga madirisha halafu mtu wa plasta akaja nyuma yake, pale plasta iliporukia na ikaachwa ikauka panabaki mabaka ambayo hata usugue vipi hayatoki. Plasta kwanza, ikauke, ndo fremu. Ile plastiki ya kinga iliyobandikwa kwenye profaili, yaani vile vipande vya aluminiamu vinavyounda fremu, iache mpaka wapaka rangi wamalize, ila usiiache miezi na miezi juani maana inaganda na kuibandua inakuwa adhabu nyingine.

Halafu profaili hazifanani. Zipo nyembamba mno na kwa macho huwezi kujua, omba kipande uone imekatwaje, linganisha unene wa duka moja na lingine kabla hujalinganisha bei. Na kitu ambacho mimi sikuambiwa: dirisha la kusukuma la vioo viwili linafunguka nusu tu, la futi 4 linakupa hewa ya futi 2. Jikoni utajuta.

"Vipimo si vipo kwenye ramani?"

Ramani inasema futi 5 kwa 4 ila aliyejenga kaacha tundu la dirisha alivyoweza siku hiyo. Fundi anayechukua oda kwa simu bila kuja saiti mwogope. Akija anatakiwa apime upana mara tatu, juu katikati na chini, urefu hivyo hivyo, achukue kipimo kidogo kuliko vyote, halafu apime pembe kwa pembe pande zote mbili, zikipishana ujue tundu limekaa upande. Kwangu madirisha mawili ya chumba kimoja yalipishana karibu inchi nzima! Na kama ni kile kioo kigumu cha bafuni kinachovunjika punje punje, kikishatoka kiwandani hakikatwi tena, ukikosea kipimo unanunua kingine.

"Mlango ukigoma mpige randa"

Shemeji alifanya hivyo Aprili, Januari ukikaa sebuleni kwake unaona taa za bodaboda kupitia kwenye mlango uliofungwa. Mbao inakunywa unyevu masika inavimba kwa upana, kiangazi inasinyaa, sasa ukishairanda imetoka hairudi. Kabla ya randa angalia bawaba kama skrubu zimelegea, mlango mzito wa mninga au mkongo unataka bawaba tatu sio mbili. Kisha shusha mlango uangalie ukingo wa juu na wa chini, mara nyingi utakuta havijapakwa kitu, vanishi imeishia mbele na nyuma panapoonekana, na unyevu unaingilia hapo hapo.

Shida nyingine ni mbao mbichi. Saiprasi na paini tunazo za kutosha, mashamba ya miti yapo Meru na West Kilimanjaro, lakini ubao uliopasuliwa mwezi jana mtu anakuuzia anaapa ni mkavu. Kukausha kwa hewa tu kunachukua miezi, na ubao ukiwa mnene ndo unachukua muda zaidi. Ubao mbichi ni mzito na wa baridi ukiugusisha shavuni.

"Mpe hela ya materiali aende mwenyewe"

Hapana. Nenda naye dukani, lipa wewe, risiti ya EFD uchukue wewe. Hela ya ufundi itoke kwa hatua na ya mwisho isitoke mpaka umemwagia madirisha yote kwa mpira wa maji uone kama yanavuja.

"Hatukuandikiana, kwa hiyo hakuna mkataba"

Kisheria hata makubaliano ya mdomo ni mkataba, ugumu ni kuthibitisha. Meseji za WhatsApp zinasaidia, tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Mimi sasa kila tukikubaliana kitu kwa mdomo namtumia fundi meseji, "kaka tumesema kioo cha milimita 5, nyavu za mbu zimo, unamaliza Ijumaa", akijibu "sawa boss" nimeridhika.

"Grili za kuchomelea madirisha yote, usalama kwanza"

Moto ukianzia mlangoni mtatokea wapi? Kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba na kufuli kwa ndani, na ufunguo uning'inie mahali ambapo hata mtoto anaufikia ila mtu wa nje mkono wake haufiki. Chumba cha watoto wangu bado ni ya kuchomelewa, yule mzee wa msumari kaniahidi kuja Jumamosi kuikata.