Huu "wajibu wa kushauriana" wa Kanada ni kitu gani hasa

Ukifuatilia habari za mafuta, gesi na madini ya Kanada lazima utakutana na hili neno, wajibu wa kushauriana. Bomba limesimamishwa na mahakama, sababu wajibu wa kushauriana. Mgodi umechelewa, sababu hiyohiyo. Waziri mkuu wa jimbo analalamika kwamba huu wajibu unaua uchumi, alafu kesho yake chifu wa wenyeji anasema huo wajibu wenyewe haujatimizwa hata robo. Wote wanatumia neno moja ila kila mtu anamaanisha lake, na ukisoma maoni ya watu mitandaoni unaona wengine wanadhani ni kura ya turufu na wengine wanadhani ni mkutano wa hadhara wa kutoa maoni.

Kwa kifupi iko hivi: serikali ikitaka kufanya uamuzi unaoweza kugusa haki za wenyeji asilia (yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis) ni lazima izungumze nao kabla ya kuamua, na iende pale ikiwa tayari kubadilisha mpango kama hoja zao zina uzito. Siyo haki zilizothibitishwa tu, hata zile ambazo bado wanazidai. Haki zenyewe zinalindwa na kifungu cha 35 cha Katiba ya 1982, lakini ukikisoma hicho kifungu huoni popote kimesema serikali ishauriane na mtu, majaji ndo walioutoa wajibu huo humo.

Na waliutoa kwa sababu ya miti. Kuna visiwa magharibi kabisa mwa Kanada vinaitwa Haida Gwaii, watu wake ni Wahaida, na mierezi mikubwa ya kule ndo wanachongea mitumbwi na zile nguzo zao ndefu zenye sura za wanyama. Jimbo la British Columbia lilikuwa limetoa leseni ya kuvuna hiyo misitu, ikaja ikahamishiwa kampuni ya Weyerhaeuser, na Wahaida hawakukubali. Hoja ya serikali ilikuwa rahisi: nyie mnadai ardhi ni yenu ila hamjashinda kesi yoyote ya kuthibitisha, mkishinda njooni tuongee. Sasa kesi za ardhi kule zinachukua miaka na miaka, Wahaida wakauliza, na siku tukishinda miti itakuwepo? Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao. Jaji Mkuu Beverley McLachlin akaandika kwa maana hiyo, kwamba huwezi kumaliza mali iliyo kwenye ubishi huku unamwambia mwenzako asubiri hukumu.

Ile hukumu ndo mama wa yote, na ina mambo ambayo wanasiasa wanapenda kuyasahau. La kwanza, mwenye wajibu ni Taji, siyo kampuni. Taji hapa usifikirie kofia ya mfalme, Kanada bado ni ufalme kwahiyo kisheria serikali inaitwa Taji, iwe ya shirikisho kule Ottawa (mji mkuu) au ya jimbo. Kampuni inaweza kutumwa kufanya vikao na kusambaza karatasi, na nyingi zinafanya zaidi ya hapo, zinasaini mikataba ya kugawana faida na ajira, lakini mambo yakiharibika anayeulizwa mahakamani ni serikali. La pili, ushauri una kina tofauti: athari ikiwa ndogo na dai ni dhaifu inaweza kutosha kutoa taarifa na kusikiliza, athari ikiwa kubwa na dai ni zito inabidi mkae kweli, mjibiwe kwa maandishi, na ikibidi mpango ubadilishwe. La tatu, hakuna turufu. Wenyeji wanaweza kukataa mpaka mwisho na serikali bado ikaendelea, ilimradi ilienda kwa nia njema. Siku ileile ya hukumu ya Wahaida, Watlingit wa Taku River walishindwa kesi yao ya barabara ya mgodi, majaji wakasema hawa walisikilizwa ya kutosha.

Sisi Waswahili neno kushauriana tunalielewa vizuri tu kwenye mambo ya nyumbani. Posa ikija, wazee wanakaa, wanaulizana, mjomba anatia neno, shangazi anapinga, na posa inaweza kurudishwa au masharti yakabadilika. Ila tukifika kwenye mambo ya serikali tunajua pia aina ya pili: kikao, soda, unasaini karatasi ya mahudhurio, ofisa anasoma mradi ulioshaamuliwa, mnapiga picha, mnaondoka. Mzozo wote wa Kanada uko hapo katikati. Sheria inadai aina ya kwanza na serikali karibu kila mara inajaribu kupita na ya pili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Clyde River, kijiji cha Wainuit kwenye kisiwa cha Baffin, Nunavut, kaskazini kabisa, watu kama elfu moja hivi. Kuna kampuni zilitaka kutafuta mafuta kwa kupiga milipuko ya sauti chini ya bahari kwa miaka mitano, na wale watu wanakula nyangumi na sili, kwahiyo wakauliza hii kelele itafanya nini kwa wanyama wetu? Majibu yakaja: waraka wa kurasa 3,926. Uliwekwa mtandaoni, wakati intaneti ya kule ni ya kobe na ni ghali, meya mmoja wa zamani akaieleza mahakama kwamba alishindwa hata kuupakua kwa ukubwa wake, na sehemu ndogo tu ndo ilitafsiriwa kwa Kiinuktitut, lugha yao. Bodi ya nishati ya taifa ikatoa kibali 2014. Julai 2017 Mahakama ya Juu ikakifuta. Na siku hiyohiyo tena ikaamua kesi ya Wachippewa wa Thames kuhusu bomba la mafuta la kampuni ya Enbridge kule Ontario, hao wakashindwa, kwa sababu walipewa pesa za kujiandaa na wakasikilizwa ana kwa ana. Bodi ileile, siku ileile ya hukumu, tofauti ni jinsi watu walivyotendewa.

Haya, sasa Trans Mountain, maana hii ndo imewachosha watu. Bomba linatoka Edmonton, Alberta mpaka Burnaby baharini, kama kilomita 1,150, na mpango ulikuwa kuongeza uwezo kutoka mapipa 300,000 kwa siku mpaka 890,000. Hapa uelewe kitu kimoja, kule mafuta na madini ni mali ya majimbo, Alberta, Saskatchewan na Manitoba walikabidhiwa ya kwao 1930, lakini bomba linalovuka mpaka wa jimbo linaamuliwa na Ottawa. Kwahiyo mafuta ya Alberta, pwani ya British Columbia, kibali cha Ottawa, na njia inapita kwenye ardhi za mataifa kibao ya wenyeji ambayo mengi ya upande wa British Columbia hayajawahi kusaini mkataba wowote wa kuiachia. Mei 2018 serikali ya waziri mkuu wa wakati ule, Justin Trudeau, ikatangaza inalinunua bomba lenyewe kutoka kampuni ya Kinder Morgan kwa dola za Kanada bilioni 4.5. Agosti 30 mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikafuta kibali. Wanahisa wa Kinder Morgan wakapiga kura ya kuuza siku hiyohiyo, muda mfupi baada ya hukumu, nadhani hawajawahi kufanya biashara tamu kama ile.

Sababu zilikuwa mbili. Moja, athari za meli za mafuta baharini hazikuchunguzwa ipasavyo. Ya pili ndo inatuhusu: maofisa waliotumwa kuongea na mataifa walikuwa wanasikiliza, wanaandika, wanapeleka Ottawa, basi. Hawakuwa na mamlaka ya kujibu wala kubadilisha chochote. Majaji wakasema huko siyo kushauriana, hao ni makarani. Serikali ikarudia zoezi, ikamweka jaji mstaafu Frank Iacobucci alisimamie, kibali kikatolewa upya Juni 2019 na safari hii kikasimama mahakamani, ingawa baadhi ya mataifa bado yalikataa. Angalia hapo: walikataa na bomba likajengwa, kwahiyo anayekwambia ni turufu mwonyeshe hii. Mafuta yakaanza kupita Mei 2024, gharama imefika kama bilioni 34. Siyo zote za ushauri mbovu, kulikuwa na mafuriko, korona, milima, lakini ile miezi kumi ya kurudia kazi serikali ilijitakia yenyewe.

Kuna swali lingine gumu zaidi ambalo halina jibu safi, unashauriana na nani? Bomba la gesi la Coastal GasLink lilisainiwa na mabaraza 20 ya kuchaguliwa njiani kote. Ila machifu wa kurithi wa Wawet'suwet'en wakasema mabaraza hayo ni mtoto wa Sheria ya Wahindi ya 1876 (Wahindi hapa ni jina la kale la wenyeji asilia, siyo watu wa India), yana mamlaka ndani ya vijieneo vilivyotengwa tu, ardhi pana ni ya koo na sisi ndo wenyewe. Mwanzoni mwa 2020 reli zikafungwa na waandamanaji sehemu mbalimbali za Kanada. Watu wa mbali walisema "wenyeji wamekubali" au "wenyeji wamekataa" na wote walikuwa sahihi nusu.

Na usichanganye kushauriana na ridhaa. Ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa kamili ni lugha ya Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za wenyeji asilia. Kanada ilikuwa kati ya nchi nne tu zilizopiga kura ya hapana, pamoja na Marekani, Australia na New Zealand (Kenya na Burundi hawakupiga upande wowote, Tanzania ilisema ndiyo). Baadaye wakageuka, British Columbia ikalipitisha kuwa sheria 2019, Ottawa 2021. Je, sasa ushauri umekuwa ridhaa? Wanasheria wanagombana mpaka leo, serikali inasema hapana, mataifa mengi yanasema ndo maana yake.

Mwaka 2025 mambo yakachemka tena. Juni 2025 serikali ya waziri mkuu Mark Carney ilipitisha sheria ya kuharakisha miradi mikubwa ya kitaifa, sababu ikiwa ushuru wa Trump na hofu ya kutegemea Marekani. Mkutano mkubwa na machifu ukaitishwa Julai, sheria ikiwa imeshasainiwa. Kisheria hakuna kosa, maana Mahakama ya Juu ilishasema 2018 kwamba wajibu haugusi kazi ya kutunga sheria bungeni, ila kisiasa ni kama kumpelekea mkweo taarifa ya posa baada ya harusi. Mataifa tisa ya Ontario yakaenda mahakamani. Novemba Carney akasaini makubaliano na Danielle Smith, waziri mkuu wa jimbo la Alberta, kuhusu bomba jipya la angalau mapipa milioni moja kwa siku kwenda pwani ya British Columbia, na mataifa ya pwani ile wakasema hapohapo hawalitaki. Karatasi inasema watashauriwa na hata kupewa umiliki wa sehemu. Kwahiyo swali lililobaki ni nani atatumwa pwani, na kama ataenda na mamlaka ya kubadilisha kitu au na daftari na kalamu tu kama wale wa Trans Mountain.