Mashine ya figo iliyokwenda jangwani

Mimi ni muuguzi wa figo. Namkalisha mgonjwa kitini, namchoma sindano mbili nene mkononi, kisha tunakaa pamoja saa nne au tano mashine ikimsafisha damu. Mara tatu kwa wiki, bila likizo. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hulazimika kuishi ilipo mashine.

Kwa Wapintupi, jamii ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) wa kijiji cha Walungurru, Australia ya kati, mashine ilikuwa Alice Springs, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwao. Wazee wakahama, wakaacha wajukuu na ardhi waliyokabidhiwa kuitunza. Wapo waliokatisha matibabu wakarudi kufia nyumbani. Serikali ilipoombwa ipeleke mashine kijijini, ilikataa.

Wachoraji wa hapo na wenzao wa kijiji cha Kiwirrkurra wakachora picha kubwa kwa pamoja, wanaume picha zao, wanawake picha zao. Novemba 2000 picha zikapigwa mnada Sydney, na fedha zilizopatikana zikazidi dola milioni 1 za Australia. Wakaunda shirika lao, wakurugenzi wakiwa Waaborijini wenyewe. Leo wengi huliita Purple House, yaani Nyumba ya Zambarau. Mwaka 2004 damu ikaanza kusafishwa Walungurru.

Anayeijua kazi hii ataelewa uzito wake. Kikao kimoja hutumia takriban lita 120 za maji yaliyochujwa mpaka madini yakaisha, na maji ya visima vya jangwani yamejaa chumvi na chokaa. Chujio likiziba, hakuna tiba siku hiyo. Umeme ukikatika, unairudisha damu kwa mkono. Na muuguzi naye anahitaji nyumba ya kulala.

Hayo yote yana ufundi wake. Lakini hakuna fundi ambaye angejua kwamba kwa wazee hawa kuwa kwenye ardhi yao ni sehemu ya tiba. Walilijua wenyewe, na kwa kuwa uamuzi ulikuwa mikononi mwao, huduma ikapangwa hivyo. Nalisisitiza hili kwa sababu mwaka 2008 mabaraza madogo ya vijiji katika Northern Territory, eneo iliko Walungurru, yalivunjwa, yakaunganishwa kuwa halmashauri kubwa. Mambo mengi ya kila siku yakaanza kuamuliwa mbali na wanaoishi nayo. Naona lilikuwa kosa.

Mwaka 2018 bima ya afya ya taifa, Medicare, ilianza kulipia usafishaji damu unaofanywa na wauguzi na wahudumu wa afya wa Kiaborijini maeneo ya mbali. Ilikuwa miaka 14 tangu huduma ianze Walungurru. Kwa mgonjwa wa figo, miaka 14 ni mingi mno.