Shingo ya sweta ya mtoto haipiti kichwani: tatizo liko wapi?

Baridi ya Juni ikishaingia Njombe na Mbeya, wanaojifunza kufuma huniletea swali lilelile: sweta ya mtoto imetoka vizuri, lakini shingo haipiti kichwani. Wengi hudhani walianza na vitanzi vichache. Mara nyingi vitanzi vilitosha, ila mstari wa mwisho, ule wa kufunga, ndio uliobana.

Unapofunga, unavusha kitanzi kimoja juu ya kingine. Ukivuta uzi kila unapovusha, ukingo unakakamaa kama kamba, hata kama sweta yenyewe inavutika. Na kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja si kidogo: mzunguko wake ni takriban sentimita 46, shingo yake ni nyembamba mno kuliko hapo. Kwa hiyo ukingo lazima utanuke, kisha urudi.

Usifumue sweta nzima, tafadhali. Fumua ule mstari wa kufunga tu, rudisha vitanzi kwenye sindano, kisha funga upya kwa sindano nene zaidi mkono wa kulia. Kama ulifumia ya milimita 4, chukua ya 5. Ivute shingo kwa vidole kila baada ya vitanzi vichache uone kama inakubali. Kwa kichanga mimi huacha bega moja wazi na kuweka vifungo viwili. Mama anamvisha bila kumliza.

Kuhusu idadi ya vitanzi vya kuanzia, usiazime ya jirani, maana mkono wake si wako. Fuma kipande cha kujaribia, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Ukipata 22 na unataka upana wa sentimita 28, zidisha 2.2 kwa 28: ni kama vitanzi 62. Mwenye mkono mlegevu anayepata 20 akianza na hivyo 62, kipande chake kitafika sentimita 31. Mbele na nyuma zikiungwa, sweta imezidi sentimita 6.

Ukingo wa chini ukijikunja, usikimbilie pasi. Uzi wa akriliki ukipata moto mkali hulegea na haurudi tena. Anza sweta kwa mistari minane hivi ya kitanzi cha mbele na cha nyuma kwa kupokezana, ukingo utatulia.