Kopo Lile Halikutoka Dukani: Dhana Potofu Kuhusu Sanaa ya Pop na Sanamu za Vitu vya Kila Siku

Wateja wanaofika karakanani kuagiza sanamu, na wanafunzi wanaoanza kujifunza uchongaji, huniletea kauli ileile kila inapotajwa sanaa ya pop, yaani sanaa iliyochukua bidhaa na matangazo ya kila siku kuwa mada yake: kwamba wasanii wale wa New York walikwenda dukani, wakanunua kopo la supu au katoni ya sabuni, wakaiweka katika jumba la makumbusho na kuanza kuhesabu fedha. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kupita kiasi, na sasa naona ni lazima ijibiwe kwa maandishi, kwa sababu anayeiamini hawezi kuziona kazi zenyewe hata akisimama mbele yake.

Dhana: «Walichukua kitu cha dukani, wakakiita sanaa»

Msanii ambaye kauli hiyo inamhusu kweli ni Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alinunua chombo cha kauri cha haja ndogo, cha aina inayofungwa ukutani katika vyoo vya wanaume, akakitia saini ya jina la bandia, R. Mutt, na kukipeleka kwenye maonyesho jijini New York, ambako kilikataliwa. Hoja ya Duchamp ilikuwa kwamba kuchagua kunatosha na mkono wa msanii si lazima ufanye kazi. Wasanii wa pop waliokuja zaidi ya miaka 40 baadaye walimfahamu vizuri na walimheshimu, lakini wengi wao walielekea upande mwingine kabisa, yaani walikitengeneza upya kile kitu, mara nyingi kwa taabu kubwa kuliko ile ya kiwanda kilichokitoa.

Tumtazame Jasper Johns, ambaye wengi humhesabu kuwa mtangulizi wa pop. Inasimuliwa kwamba mchoraji Willem de Kooning alimlalamikia mwenye galari Leo Castelli kwamba mtu yule angeweza kuuza hata makopo mawili ya bia kama angepewa. Johns aliyasikia maneno hayo, na mwaka 1960 akatoa sanamu ya makopo mawili ya bia ya Ballantine. Makopo hayo si ya bati. Yamesubiwa kwa shaba na kupakwa rangi, na lebo zake zimechorwa kwa brashi, hivi kwamba ukikaribia unaona ukingo wa herufi unavyotetereka jinsi mkono wa binadamu unavyotetereka. Kopo moja limetobolewa juu na ni jepesi, ilhali lile jingine ni zima na zito. Tofauti hiyo ya uzito haionekani kwa macho, lakini mchongaji aliiweka makusudi, na mtu anayesema kwamba Johns «aliweka tu makopo mezani» hajajiuliza hata mara moja kwa nini mtu asubu shaba ili apate kopo ambalo angelipata bure jalalani.

Masanduku ya Brillo (jina la pedi za sabuni) ya Andy Warhol, msanii wa pop wa New York, yaliyoonyeshwa katika galari ya Stable jijini New York mwaka 1964, ndiyo yanayotajwa zaidi na ndiyo yasiyotazamwa kabisa. Katoni halisi ya Brillo ilikuwa ya karatasi ngumu, ilikuwa na pedi za sabuni ndani, na mchoro wake ulibuniwa na James Harvey, ambaye naye alikuwa mchoraji wa sanaa dhahania aliyejipatia riziki kwa kubuni vifungashio. Masanduku ya Warhol ni ya plaiwudi, yaliundwa na maseremala, yakapakwa rangi ya msingi, kisha kila upande ukachapwa kwa skrini na Warhol akisaidiwa na Gerard Malanga. Ndani hamna kitu, na sanduku halifunguki. Aliyewahi kuchapa fulana kwa skrini anajua kwamba wino husambaa na mipaka hukosea kidogo, na kasoro hizo zimo katika masanduku yale kwa mwenye subira ya kuyakagua. Kwa hiyo tuna kitu kinachofanana na katoni kwa sura pekee, ambacho kimepoteza kazi zote za katoni, na mwanafalsafa Arthur Danto aliyaona masanduku hayo mwaka huohuo akaanza kuuliza ni nini hasa kinachoitenga kazi ya sanaa na kitu kinachofanana nayo, swali lililomshughulisha kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Dhana hii ya wateja wangu iliwahi hata kupata muhuri wa serikali. Mwaka 1965 mwenye galari wa Toronto, Jerrold Morris, alitaka kuyaingiza masanduku ya Warhol nchini Canada, ambako sanamu halisi hazikutozwa ushuru. Maofisa wa forodha walisema kwamba ni bidhaa na yalipiwe ushuru wa asilimia 20, na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Sanaa, aliyeombwa maoni, alitazama picha akasema kwamba si sanamu. Alitazama picha! Uzito wa plaiwudi, mapigo ya rangi na sauti ya mbao ukigonga kwa kidole ni mambo ambayo hakuna picha inayoweza kuyaonyesha, na ndiyo yenye jibu.

Claes Oldenburg, ambaye kwangu ndiye mchongaji mkubwa kuliko wote wa pop, alikwenda mbali zaidi. Mzaliwa wa Stockholm mwaka 1929, aliyekulia Chicago ambako baba yake alikuwa mwanadiplomasia wa Sweden, alipanga chumba cha duka katika Mtaa wa East 2nd jijini New York mwezi Desemba 1961 na kukijaza nguo, viatu, nyama na keki. Kila kimoja kilianza na wavu wa waya wa banda la kuku, kikafunikwa vitambaa vilivyochovywa katika plasta, kisha kikapakwa rangi ya kung'aa iliyoachwa itiririke. Hakuna ambaye angeweza kuzidhania zile keki kuwa za kuliwa. Mwaka uliofuata alionyesha katika galari ya Green, katika Mtaa wa 57, na kwa kuwa alikuwa ameona jinsi magari yanavyokijaza chumba cha maonyesho ya wauzaji, alitengeneza hambaga, kipande cha keki na koni ya aiskrimu vyenye ukubwa unaoweza kukitawala chumba cha namna hiyo. Hambaga ile ni ya turubai iliyojazwa sponji na maboksi ya karatasi. Inalala sakafuni na kubonyea kwa uzito wake yenyewe.

Hapo ndipo ulipo ugunduzi wenyewe, na ndipo ninapowataka wanafunzi wangu wakae kwa muda mrefu. Tangu zamani sanamu ilikuwa kitu kigumu kinachowakilisha kitu laini: jiwe likawa ngozi, shaba ikawa nywele. Oldenburg aligeuza mambo, akafanya vitu vigumu kuwa laini. Taipureta yake ya 1963 na choo chake cha 1966 vimeshonwa kwa plastiki ya vinaili na kujazwa sufi, ileile tunayojazia mito na magodoro pwani. Choo hicho, ambacho kimo katika makumbusho ya Whitney jijini New York, kinaning'inia na kulegea, na umbo lake si uamuzi wa msanii peke yake, kwani sehemu imeamuliwa na uzito na mvuto wa ardhi. Anayetilia shaka kwamba hiyo ni kazi ninamshauri achukue kufuli, alipime, akate kitambaa na alishone kufuli lilelile kwa ukubwa wa mto, akitumia sufi. Atagundua kabla ya jioni kwamba hakuwahi kulitazama kufuli maishani mwake.

Ni haki kusema pia kwamba wapo waliotumia vitu halisi. Tom Wesselmann alibandika vitu vya nyumbani katika picha zake, na George Segal aliweka watu wa plasta kati ya viti na meza za kweli. Lakini hata hao walikihitaji kitu halisi kwa ajili ya mgongano wake na kilichotengenezwa, na plasta ya Segal isingekuwa baridi na pweke kiasi kile kama kiti kisingekuwa kiti.

Dhana: «Pop ni ya Marekani, na ilianza na Warhol»

Hapana. Eduardo Paolozzi aliliweka neno «pop» katika picha yake ya kubandika mwaka 1947, na mwaka 1956 Richard Hamilton alitengeneza picha ya sebule iliyojaa bidhaa kwa ajili ya maonyesho ya galari ya Whitechapel jijini London. Waingereza hao walikata picha zao kutoka katika magazeti ya Marekani wakati ambapo chakula nchini mwao kilikuwa bado kinagawiwa kwa mgao, au kimetoka tu kugawiwa hivyo, kwani mgao ulikoma mwaka 1954, na tamaa ya wingi ambao hawakuwa nao ndiyo inayoonekana katika kazi zao. Warhol alichora makopo yake 32 ya supu mwaka 1962.

Dhana: «Yalikuwa matangazo yaliyolipiwa na kampuni»

Kampuni ya supu ya Campbell haikumwagiza Warhol wala haikumlipa kwa picha zile. Zilipoonyeshwa Los Angeles mwaka 1962 kila moja ilikuwa na bei ya dola 100, na wanunuzi walikuwa wachache kiasi kwamba mwenye galari, Irving Blum, aliamua kuzishika zote pamoja na kumlipa msanii dola 1,000 kidogo kidogo.

Dhana: «Ni kazi ya wanaume»

Hii inaniudhi karibu sawa na ile ya kwanza, kwa kuwa inawafuta watu walioifanya kazi kwa mikono yao. Sanamu laini za mwanzo za Oldenburg zilishonwa na mke wake wa kwanza, Patty Mucha, na bila ustadi wake wa cherehani turubai ile isingesimama wala kulala ilivyotakiwa. Yayoi Kusama, msanii kutoka Japani, naye alikifunika kiti kizima kwa vifuko vya kitambaa alivyovishona na kuvijaza, akakionyesha katika galari ileile ya Green mwaka 1962, miezi michache kabla ya hambaga ya Oldenburg. Halafu yuko Coosje van Bruggen, mwanahistoria wa sanaa kutoka Uholanzi, aliyeanza kushirikiana na Oldenburg mwaka 1976, akaolewa naye 1977 na kufanya naye kazi hadi alipofariki mwaka 2009. Kijiko chao kikubwa kilichoko Minneapolis, Marekani, chenye urefu wa zaidi ya mita 15 na kilichokamilika mwaka 1988, watu hukiita «kijiko cha Oldenburg», ilhali cheri iliyoko juu yake, ambayo kikonyo chake hutoa maji na ambayo bila hiyo kijiko kingekuwa kijiko tu, ilikuwa fikra ya van Bruggen. Wanaotaja kazi hiyo wanapaswa kutaja majina mawili.

Dhana: «Kitu chochote ukikikuza ni pop»

Mteja mwenye mkahawa huniambia: nikuzie birika, iwe pop. Kukuza peke yake ni ufundi wa zamani sana. Pembe za alumini zinazopita juu ya Barabara ya Moi, Mombasa, ni kubwa, na chetezo kilicho juu ya bustani ya Riyam huko Muscat ni kikubwa zaidi, lakini vyote viwili vimejengwa ili kutukuza, na hakuna anayetarajiwa kukitazama kitu kwa namna mpya. Linganisha na kibanio cha nguo cha Oldenburg kilichoko Philadelphia, cha mwaka 1976, chenye urefu wa mita 13.7, kinachokabili jumba la halmashauri ya jiji. Oldenburg mwenyewe alikihusisha na sanamu ya mchongaji Brancusi ya wawili wanaobusiana, ambayo toleo lake moja limo katika makumbusho ya jiji hilo, na kwa kweli miti miwili ya kibanio, ikishikwa na springi, imekumbatiana. Springi hiyo inasomeka pia kama 76, mwaka wa miaka 200 ya uhuru wa Marekani. Ukubwa ulifuata baada ya kugundua kilichofichika katika kibanio. Kwa hiyo mteja wa birika namwomba kwanza aniambie ameona nini katika birika ambacho wengine hawajakiona, na kama hajaona kitu, tunachora pamoja mpaka kionekane au tunaacha.

Dhana: «Ni plastiki na chuma, havihitaji matunzo»

Sanamu ya rangi ya mdomo iliyowekwa juu ya minyororo ya kifaru cha vita, ambayo Oldenburg aliipeleka Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1969, ilikuwa na ncha ya vinaili ya kujazwa upepo na minyororo ya plaiwudi. Iliharibika upesi, ikaondolewa, ikatengenezwa upya kwa metali na kurudishwa chuoni mwaka 1974. Vinaili hukauka na kupasuka, na sponji husagika kuwa unga, kwa hiyo makumbusho yenye sanamu laini huzilinda dhidi ya joto na mwanga kuliko yanavyolinda shaba.

Kibanio cha Philadelphia kimejengwa kwa chuma cha Cor-Ten, ambacho huota kutu ya juu inayogandamana na kuzuia kutu isiendelee ndani, na wateja wanaoiona rangi yake ya kahawia kwenye picha huniomba hichohicho. Kwenye upepo wa bahari chumvi huizuia ile kutu isigandamane, nayo huendelea kumenyuka na kula chuma mwaka baada ya mwaka. Kwa sanamu itakayosimama ufukweni, kutoka Lamu hadi Mtwara, ninashauri chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 au alumini iliyopakwa rangi vizuri, na ninashauri iwekwe bajeti ya kuiosha kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara tangu siku inaposimamishwa.